Kumlisha punda mzee ili arudishe mwili

Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na mzigo hauna njia nyingine ya kufika mlangoni, nyumba nyingi zimejengwa kwa mgongo wa punda: mawe ya matumbawe, mchanga, saruji na hata maji ya kukorogea hufika ndani ya shogi. Husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini kwa mnyama aliyebeba nyumba nzima kipande kwa kipande, deni la shukrani liko kwetu. Punda huyo anapofikisha miaka 18 au 20, mbavu zikaanza kuhesabika na mifupa ya nyonga kutokeza, mwenye naye hutikisa kichwa na kusema kwamba ni uzee tu. Kauli hiyo imewamaliza punda wengi ambao bado walikuwa na miaka ya kuishi, kwa maana punda aliyetunzwa vizuri huweza kuvuka miaka 30. Mara nyingi punda mzee hakondi kwa sababu ya umri wenyewe, bali kwa sababu chakula anachopewa hakimfikii tena: anakitia kinywani, anakizungusha, lakini hawezi kukisaga. Kwa hiyo kazi kubwa ya mfugaji ni kubadilisha umbo la chakula kabla ya kuongeza wingi wake.

Mwenye farasi mzee anaweza kufuata sehemu kubwa ya maelezo haya, ila vipimo vyote nilivyotaja ni vya punda, ambaye huhitaji chakula kidogo kuliko farasi kwa kila kilo ya uzito wake na hunenepa upesi zaidi akipewa nafaka.

Anza na kinywa

Punda wetu jike alikuwa na miaka kama 22 alipoanza kukonda. Kila jioni alikuwa wa kwanza kufika kwenye nyasi na wa mwisho kuondoka, nasi tukaamini kwamba anakula sana na mwili tu ndio unaomkataa. Asubuhi moja nilipokuwa nikifagia banda niliona chini ya mahali alipolala vidonge vya majani yaliyoviringika, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kidole gumba, vimelowa mate, na ndani yake mashina ya nyasi yakiwa mazima kabisa. Yeye alikuwa akitafuna, akishindwa, kisha anatema. Nilipopasua mavi yake nilikuta nyuzi za majani zenye urefu wa kidole, ilhali mavi ya punda mwenye meno mazuri huwa na nyuzi fupi zilizosagika. Muda wote ule alioonekana kuwa mlaji alikuwa akishinda na njaa.

Meno ya punda hayafanani na ya binadamu. Jino lake ni refu na sehemu kubwa ya jino hilo imefichwa ndani ya taya, nalo husukumwa juu taratibu, takriban milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, kadiri sehemu ya juu inavyoliwa na nyasi. Akiba hiyo ina mwisho. Punda anapokaribia au kupita miaka 25, baadhi ya magego huwa yamebaki vishina, mengine hung'oka, na jino linalotazamana na pengo hurefuka kwa kukosa la kusuguana nalo. Pembeni hutokea ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Mnyama wa namna hii ukimwekea nyasi ngumu hata za gunia zima hutamnenepesha.

Mwite daktari wa mifugo amchunguze kinywa mara mbili kwa mwaka, na umweleze mapema kwamba kazi ni ya meno ili aje na vifaa vyake, yaani kifaa cha kuachamisha kinywa, tochi na tupa ndefu za kusawazisha magego. Usijaribu kazi hii kwa tupa ya fundi wala usiingize mkono kati ya magego, kwa sababu taya la punda huvunja kidole bila shida. Siku hiyohiyo mwombe apime mavi kwa ajili ya minyoo na akadirie dozi kwa uzito, kwani punda mzee hulemewa na minyoo kuliko kijana, na chakula kizuri kinachoishia kwa minyoo ni hasara tupu. Kwa wenyeji wa Lamu habari hizi si ngeni: shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo cha kutibu punda mjini humo mwaka 1987.

Mkono na utepe

Macho hudanganya, hasa manyoya yakiwa marefu au tumbo likiwa limejaa majani makavu yasiyosagika. Pitisha viganja juu ya mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Ukizihisi mbavu kwa kubonyeza kidogo tu bila kuziona, punda yuko sawa. Ukizihesabu kwa macho ukiwa umesimama mbali, amekonda. Na ukilazimika kubonyeza kwa nguvu ndipo uzipate, amenenepa kupita kiasi. Usiamini shingo. Punda aliyewahi kunenepa hubaki na mafuta magumu juu ya shingo hata anapokonda sehemu nyingine zote, na mafuta hayo huwapoteza wengi.

Kisha chukua utepe wa fundi cherehani, wa sentimita 150, na kumzungusha kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Punda wa kawaida wa pwani mwenye kifua cha sentimita 115 na kimo cha kama mita moja begani huwa na uzito unaokaribia kilo 150, na kila sentimita moja inayoongezeka au kupungua kifuani ni sawa na kilo 2 au 3 za mwili. Pima kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hajala, mahali palepale, na uandike. Daftari la namna hii ndilo litakalokuambia ukweli mwezi wa tatu, wakati ambapo kila mtu nyumbani atakuwa na maoni yake.

Majani kwanza, lakini yaliyokatwa

Utumbo wa punda umeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo kwa saa nyingi, 14 au zaidi kwa siku, na nyuzi za majani huchachushwa na vijidudu vilivyo katika utumbo mpana. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyomlisha. Ukimwacha na tumbo tupu kutwa nzima kisha ukammwagia ndoo ya pumba jioni, unavivuruga, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato. Ndiyo maana chakula cha msingi cha punda mzee hubaki kuwa majani, hata kama itabidi umsagie wewe mwenyewe.

Kwa punda wa kilo 140 aliye katika hali nzuri, hesabu ya siku ni kama kilo 2 hadi 2.5 za nyasi kavu. Aliyekonda na anayehitaji kurudisha mwili anaweza kupanda hadi kilo 3. Kumbuka kwamba nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, takriban robo tatu au zaidi, kwa hiyo kilo 10 za majani mabichi yaliyotoka shambani ndizo zinazolingana na kilo 2.5 za nyasi kavu. Fungu dogo la majani linaloonekana kubwa kwa sababu ni mbichi limewaponza wengi.

Punda ambaye bado ana magego ya kutosha mpe nyasi laini zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu na kukomaa. Nyasi za boma zinazouzwa kwa robota ni nzuri zikiwa za kijani na zenye harufu ya majani, si za vumbi. Matete yaliyokomaa hayamfai, wala mabua makavu ya mahindi, ambayo humeza yakiwa mazima na kuziba utumbo. Kwa anayetema vidonge, kata nyasi kwa panga juu ya gogo hadi ziwe na urefu wa sentimita 1 au 2, uziloweshe maji mpaka zilainike, na umpe katika karai. Kama magego yamekwisha kabisa, hata vipande hivyo havitamfaa. Tafuta mwenye mashine ya kusaga nyasi za ng'ombe akusagie robota moja kwa wakati, kisha uloweke unga huo wa nyasi kila mara unapompa, usiwahi kumpa ukiwa mkavu, kwa maana vumbi lake humkaba na kumharibia mapafu. Punda wa aina hii hula milo minne au mitano kwa siku, na mlo mmoja kati ya hiyo lazima uwe wa usiku, kabla hujalala.

Ongeza kila siku kiasi fulani cha majani ya jamii ya kunde, kwani misuli iliyopotea mgongoni na mapajani hairudi bila protini. Lusene, ambayo wengine huiita alfalfa, ni bora kuliko yote na ina kalsiamu nyingi, ila huku pwani si rahisi kuipata kwa bei nafuu. Majani ya kunde na mashina ya karanga yaliyoanikwa kivulini baada ya mavuno hufanya kazi hiyohiyo. Nusu kilo kwa siku, yaliyokatwakatwa, inatosha.

Uji wa punda

Majani yaliyolowekwa yakishindwa kupandisha utepe baada ya mwezi mmoja, ndipo uongeze chakula cha nguvu, na hapa ndipo huruma inapoharibu. Sisi tulimrundikia yule jike pumba za mahindi asubuhi na jioni, tukifurahi kuona anamaliza. Wiki ya tatu alisimama bandani akiwa ameegemea nyuma, kwato za mbele zina moto, hataki kupiga hatua juu ya sakafu ngumu. Wanga mwingi kwa mpigo mmoja huteremka hadi utumbo mpana bila kumeng'enywa, huko huchachuka vibaya, na sumu yake huwasha uvimbe ndani ya kwato ambao unaweza kumlemaza kabisa. Alipona baada ya miezi miwili, lakini hakuwahi kutembea tena kama zamani.

Chakula cha nguvu kinachomfaa punda mzee ni kile chenye wanga kidogo. Pwani tuna bahati ya kuwa na mashudu ya mbata, yaani yale mabaki ya nazi kavu iliyokamuliwa mafuta. Yana protini inayokaribia asilimia 20, yana mafuta kiasi yaliyobaki, na wanga wake ni mdogo sana. Anza na gramu 100 kwa siku na upande polepole hadi gramu 300 au 400 kwa muda wa siku 14. Yanuse kila mara: mashudu yaliyovunda au yenye ukungu tupa. Chicha la jikoni lililokamuliwa tui linaweza kutumika pia, mradi liwe la siku hiyohiyo, kwani kwa joto letu huchacha kabla ya jioni.

Pumba za ngano zinaweza kuongezwa, gramu 200 hadi 300 kwa mlo na si zaidi ya nusu kilo kwa siku, lakini zina kasoro ambayo wafugaji wengi hawaijui. Pumba zote, za ngano, za mahindi na za mpunga, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mnyama anayezitegemea kwa miezi hunyonya kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe, hadi uso unavimba na taya kudhoofika. Baadhi ya nyasi zetu, matete yakiwamo, zina oksalati inayozuia kalsiamu isifyonzwe, na hilo huongeza hatari. Kwa kila nusu kilo ya pumba changanya kijiko kimoja kikubwa kilichojaa cha unga wa chokaa ya mifugo unaouzwa katika maduka ya pembejeo. Nasisitiza, chokaa ya mifugo. Ile inayochomwa kwa matumbawe kwa ajili ya kupaka nyumba huunguza kinywa na tumbo.

Namna ya kuandaa ni hii. Weka mashudu na pumba katika karai, mimina maji mara tatu ya ujazo wake, acha vilowe kwa saa moja au mbili kivulini, kisha tia majani makavu ya kunde yaliyokatwa, chokaa ya mifugo na kijiko kidogo cha chumvi. Koroga kwa mkono hadi usihisi bonge kavu lolote, kwa sababu bonge kavu likivimba kooni humkaba. Uji huu uwe mzito kidogo kuliko uji wa kunywa. Punda aliyekonda sana aweza kuongezewa mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa kwa siku kikipanda taratibu hadi vijiko vinne, vikigawanywa katika milo miwili. Uji usioliwa kwa saa tatu mwaga na usugue karai, kwa kuwa masalia yaliyochacha huharibu mlo unaofuata.

Maji yawe safi na yawepo kila wakati. Punda wa kilo 140 anayepumzika hunywa kama lita 7 kwa siku, na anayefanya kazi juani huweza kupita lita 20. Kama kisima kimeingiwa na maji ya bahari, tafuta maji mengine, maana atakunywa kidogo na chakula kikavu kitamganda tumboni.

Visivyopaswa kufika kwenye karai

Mahindi yenye ukungu ni hatari kwa punda na farasi kuliko kwa wanyama wengine wengi. Kuvu wa aina ya Fusarium hutoa sumu inayoozesha ubongo wao, na mnyama aliyekuwa mzima huanza kuyumba, kugongagonga kuta, na kufa ndani ya siku chache. Usimpe punda mahindi ambayo umeyakataa kwa ajili ya ugali wako.

Chakula cha kuku kisimfikie hata kwa bahati mbaya, kwa sababu baadhi yake huwekwa dawa ya kuzuia kuhara kwa vifaranga ambayo husimamisha moyo wa punda. Chakula cha ng'ombe chenye urea nacho hakimfai. Majani ya lusina, mti ambao si ile lusene niliyoisifu, na ambayo mbuzi huyapenda, humnyonyoa manyoya ya shingo na mkia akila mengi. Mtama mchanga na mihogo michungu vina sianidi, na majani ya mparachichi hudhuru moyo. Kokwa la embe laweza kukwama kooni, kwa hiyo msimu wa maembe fagia uani.

Punda mzee asiachwe akazurura usiku kutafuta riziki kwenye majaa. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine bado zimejaa, na kipande kilichomezwa hakitoki. Vilevile usimwage chakula juu ya mchanga. Mchanga unaolambwa pamoja na nyasi hujikusanya utumboni kwa miezi hadi umzibe.

Siku anapoacha kula

Sehemu hii naiona muhimu kuliko mapishi yote yaliyotangulia. Punda akikosa kula kwa siku moja tu, mwili wake huyeyusha mafuta kwa wingi na kuyamwaga katika damu hadi damu yenyewe huwa kama maziwa. Ini na figo hushindwa, na wengi hufa. Wazee, wanene, wajawazito na wenye huzuni ndio wanaopatikana kwa urahisi. Kwa hiyo usimshindishe njaa punda kamwe, hata kama lengo ni kumpunguza unene, na usibadilishe chakula kwa ghafla. Kila kipya kiingie kwa siku 10 hadi 14.

Ugumu ni kwamba punda huficha maumivu. Atasimama mbele ya karai, pua ndani ya chakula, midomo ikichezacheza, nawe ukipita utasema anakula. Pima kwa macho kiasi kilichobaki baada ya nusu saa. Kama hakijapungua, kama masikio yamelala, kama mavi ni machache, makavu na yamefunikwa na ute, mwite daktari siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Na ukiona mate na chakula vikimtoka puani huku akinyoosha shingo, amekabwa: ondoa chakula na maji yote, usimmiminie chochote kinywani, na umpigie daktari.

Kwa sababu ya hatari hiyo, usimtenge mzee na mwenzake. Punda hushikana wawili wawili, na aliyetenganishwa na rafiki yake huweza kuacha kula kwa majonzi. Walakini ukiwalisha pamoja, kijana atamfukuza na kumaliza uji. Tulichofanya sisi ni kuweka ubao wa mlalo katikati ya banda, kila mmoja na karai lake, wakionana na kugusana pua.

Ukifuata haya, usitarajie mabadiliko ya macho kabla ya wiki sita. Utepe hupanda kwanza, nusu sentimita, kisha moja; manyoya huanza kung'aa; mgongo hujaa mwisho. Punda anayefikia kuhisiwa mbavu bila kuonekana ameshafika, punguza mashudu na pumba taratibu na ubaki na majani yaliyokatwa. Lakini kama miezi mitatu imepita, meno yametazamwa, minyoo imetibiwa, na utepe bado unashuka, au kama manyoya ni marefu na hayabadiliki hata wakati wa kiangazi huku akinywa maji kupita kawaida, mwombe daktari achukue damu. Huenda ini au figo zimechoka, au ni ugonjwa wa Cushing, unaotokana na tezi iliyo chini ya ubongo na ambao huwapata punda na farasi wazee. Mwenye ugonjwa huo asipewe mahindi, molasi wala pumba, na mzigo uondolewe mgongoni mwake siku hiyohiyo.